Mbao Chini ya Gurudumu: Namna ya Kusawazisha Trela Katika Ardhi ya Mteremko

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Leo, msomaji mpenzi, naomba tuugeuze msemo huo kidogo, tuseme kwamba trela nalo halitulii ila kwa nyenzo. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi vipande vichache vya mbao, vilivyokatwa nyumbani kwa msumeno wa kawaida, vinavyoweza kulisawazisha trela na kulizuia lisiondoke lenyewe. Najua wapo watakaouliza, "Mambo ya trela yanatuhusu nini sisi wanafunzi?" Subira, ndugu yangu. Subira huvuta heri.

Ardhi yetu ilivyo

Timau iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Kutoka huko juu ardhi huteremka ikipitia msituni, kisha kwenye mashamba ya ngano, shayiri na viazi, halafu mjini kwetu, na kuendelea hadi kwenye nyanda kavu za Isiolo, mji ulio kwenye kimo cha kama mita 1,100 tu. Ukipanda gari hapa stendi, ukafika njia panda ya Subuiga na kushuka mpaka Isiolo, utakuwa umeteremka zaidi ya mita 1,000. Kwa hivyo kupata kiwanja kilicho sawa kabisa hapa kwetu ni kama kushinda bahati nasibu. Weka mpira chini penye nyasi fupi, uuachilie, nawe utajua mwenyewe Isiolo iko upande gani!

Katika ardhi hii hii ndimo matrela yanamofanya kazi. Yako ya trekta yanayobeba viazi, ngano na nyasi kavu za ng'ombe. Kuna matangi ya maji yenye magurudumu. Kuna mashine za kupukuchua mahindi ambazo huvutwa kutoka boma hadi boma wakati wa mavuno. Isitoshe, kuna matrela ya wageni wanaokuja kupiga kambi kwenye msitu wa Ngare Ndare au kutazama mbio za marathoni za Lewa, ambazo zilianza mwaka 2000. Trela la kambi ni kama kijumba chenye magurudumu: ndani mna kitanda, jiko, na pengine sinki na friji. Hayo si mengi huku kwetu, lakini shida yake na ya mashine ya mahindi ni moja. Yote mawili hayana injini ya kuyaendesha, na mara nyingi hayana hata breki ya mkono. Yakishafunguliwa kutoka kwa gari, ni magurudumu na mteremko tu.

Kwa nini trela liwe sawa?

Tuanze na mgeni wetu wa kambi. Trela likilala upande, yeye naye atalala kichwa kikiwa chini ya miguu. Maji ya kuoshea vyombo yatakwama kwenye sinki. Friji yake, ikiwa ni ya kutumia moto wa gesi, haitapoza vizuri, kwa sababu friji ya aina hiyo haina pampu. Dawa iliyo ndani ya mabomba yake hutiririka kwa uzito wake yenyewe, kama maji ya mfereji. Ukiiinamisha sana, mtiririko unakwama, na friji inaweza hata kuharibika.

Sasa twende kwa mashine ya mahindi. Injini ikiinama, kijiti cha kupimia mafuta kinadanganya: unaona mafuta yanatosha kumbe yamejikusanya upande mmoja. Mshipi unaozungusha mashine nao hupenda kuchomoka. Na kwa trela la mzigo, uzito mkubwa huhamia kwenye gurudumu la upande wa chini. Ukiongeza magunia machache upande huo huo, umeshaanza kuliomba lipinduke.

Kwa hivyo kusawazisha si maringo. Ni usalama wa watu na wa mali.

Pima kwanza, ukate baadaye

Wengi wetu hutazama kwa jicho na kusema, "Ah, hapa pako sawa." Jicho ni shahidi mwongo mlimani, kwa maana hata miti na nyumba hulichanganya. Fundi wa mbao ana pimamaji, ile rula yenye kichupa ambacho ndani yake mna pofu la hewa. Kama huna, fanya wafanyavyo waashi wa hapa kwetu: chukua mpira mwembamba wa plastiki unaopenyeza mwanga, mrefu kuliko upana wa trela, ujaze maji mpaka karibu na ncha zote mbili, na uhakikishe hakuna pofu la hewa ndani. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye gurudumu la kushoto, mwingine ashike ya pili kwenye gurudumu la kulia. Maji yakitulia, uso wake kwenye ncha zote mbili huwa kwenye usawa mmoja, hata kama ardhi imeinama vipi.

Sasa pima kutoka ardhini hadi kwenye uso wa maji kila upande. Tuseme kushoto umepata sentimita 30 na kulia sentimita 38. Upande wenye kipimo kikubwa ndio ulio chini. Toa 30 kutoka kwa 38, ubaki na 8. Basi gurudumu la kulia linahitaji kuinuliwa sentimita 8. Hesabu ya darasa la tatu, lakini inaokoa kazi ya saa nzima.

Kutengeneza ngazi ya mbao

Kifaa cha kuinulia gurudumu ni ngazi fupi ya tabaka tatu za mbao. Nenda kwa wauza mbao ununue ubao mmoja wa mbili kwa nane (yaani unene wa inchi 2, upana wa inchi 8), wenye urefu wa futi 12. Ubao huo mmoja unatosha ngazi mbili. Upana wa inchi 8 ni muhimu, kwa sababu tairi la trela dogo lina upana wa karibu inchi 7, na tairi lote lazima likae juu ya ubao. Likining'inia ukingoni, ubao utapasuka na tairi litaumia.

Mbao gani? Saiprasi ni nyepesi, inakatika vizuri na inapatikana. Grevilea pia yafaa. Mkaratusi ni mgumu na wa nguvu, ila ni mzito na hupenda kupasuka ukikauka, kwa hivyo chagua uliokauka tayari. Mbao yoyote utakayochukua isiwe na nyufa, matundu ya wadudu, wala vifundo vikubwa.

Kila ngazi ina vipande vitatu: cha chini sentimita 90, cha kati sentimita 60, cha juu sentimita 30. Kila kipande kikatwe ncha moja wima na ncha nyingine mshazari wa digrii 45, ili gurudumu lipande polepole bila kugonga. Hapa kuna ujanja wa mafundi: mkato mmoja wa mshazari hutoa ncha mbili kwa mpigo. Kipande cha kushoto kinapata mshazari wake na cha kulia kinapata wake. Unachofanya ni kukigeuza kimoja juu chini. Kwa hivyo ukipokezana mkato wa mshazari na mkato wa wima, hupotezi mbao.

Sasa vipange. Ncha za wima zote zilingane upande wa nyuma, mishazari yote itazame mbele. Utapata vidato vitatu: cha kwanza kimo cha sentimita 5, cha pili 10, cha tatu 15. Kila kidato kina kama sentimita 25 za kukalia gurudumu. Kwa ule mfano wetu wa sentimita 8, tumia kidato cha pili. Utakuwa umezidisha sentimita 2, na kwa trela ambalo magurudumu yake yameachana mita moja na nusu, hakuna mtu atakayezihisi.

Vipande viunganishwe kwa misumari ya inchi 3 au skrubu. Toboa matundu membamba kwanza ili mbao isipasuke, na usipige misumari mingi kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao. Vichwa vya misumari vizame ndani kabisa, na ncha yoyote isichomoze, la sivyo utakuwa umetengeneza mtego wa kutoboa matairi.

Neno la mwisho kuhusu ngazi: wengi hupaka mbao mafuta machafu ya injini ili mchwa wasile. Kwenye nguzo za ua, sawa. Kwenye ngazi ya gurudumu, la hasha! Mafuta huondoa msuguano, na gurudumu litateleza. Paka rangi nyeupe au ya manjano ubavuni ili zionekane gizani, kisha uziweke mahali pakavu.

Je, mbao zitavunjika?

Hili ni swali ambalo wengi hulijibu vibaya. Hebu tupige hesabu. Tuseme trela la kambi lina kilo 800. Kila gurudumu linabeba karibu kilo 400, yaani nguvu ya takriban nyutoni 4,000. Sehemu ya tairi inayogusa ubao ni kama sentimita 15 kwa 18, yaani sentimita 270 za mraba. Gawanya, utapata chini ya nyutoni 15 kwa kila sentimita moja ya mraba. Saiprasi kavu hustahimili zaidi ya mara kumi ya hapo bila kubonyea.

Basi mbona mbao huvunjika? Jibu ni kwamba uzito peke yake hauivunji mbao. Huivunja utupu ulio chini yake. Ukiweka ubao juu ya mawe mawili, katikati pakawa wazi, umeugeuza ubao kuwa daraja, nao utapinda na kukatika. Ukiulaza wote juu ya ardhi ngumu, utabeba mzigo bila kulalamika. Kwa hivyo kabla ya kuweka ngazi, ondoa mawe, chonga vichuguu kwa jembe, kanyaga udongo ushikane. Wakati wa mvua, hasa sehemu za chini zenye udongo mweusi, weka kwanza ubao mpana zaidi chini ya ngazi ili uzito usambae usizame.

Wengine hutumia matofali au mawe ya kujengea. Nawashauri waache. Tofali halipindi wala halipigi kelele ya onyo. Linapasuka ghafla, na mzigo unaanguka ghafla. Mbao hulia kwanza. Ukisikia "kwaa," una nafasi ya kukimbia.

Kabari, mlinzi wa gurudumu

Ngazi inasawazisha, lakini haizuii trela kuondoka. Kazi hiyo ni ya kabari. Kabari ni gogo lililokatwa mfano wa pembetatu, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Kwa gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60, kabari iwe na kimo cha kama sentimita 15, yaani robo ya kipenyo. Kitako chake kiwe kirefu kuliko kimo, ili isibiringike.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza kidogo. Kabari ya kimo hicho ikikaa imara, gurudumu haliwezi kuipanda kwa sababu ya mteremko wa kawaida. Nguvu inayotakiwa kulivusha gurudumu juu yake inazidi uzito wote ambao gurudumu hilo limebeba, ilhali mteremko wa moja kwa kumi unalisukuma trela kwa sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake. Kinachotokea hasa ni kwamba kabari yenyewe huteleza: inasukumwa mbele kwenye nyasi zilizolowa, au kwenye lami, kama sabuni sakafuni. Dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha tairi kuukuu, kile kile cha kutengenezea akala, ukipigilie chini ya kabari. Mpira ule hushika ardhi vizuri kuliko mbao tupu.

Kabari huwekwa upande wa chini wa mteremko, kwa magurudumu yote mawili, zikiwa zimebana. Mahali palipo sawa, weka mbele na nyuma.

Mawe barabarani

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mtu yeyote anayetumia barabara yetu ameyaona malori ya kwenda Isiolo, Marsabit na Moyale yakiharibikia kwenye mteremko. Utamsikia dereva akipiga kelele, "Kijana, tia jiwe! Tia jiwe haraka!" Na tanboi, maskini, anakimbia kutafuta jiwe kandokando ya barabara huku gari likirudi nyuma. Kwanza, anahatarisha maisha yake. Pili, jiwe la mviringo hugusa tairi mahali padogo tu, na laweza kubiringika au kupasuka. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, gari likishatengenezwa dereva anatia gia na kuondoka, na jiwe linabaki pale pale katikati ya lami.

Usiku unaingia. Ukungu wa mlimani unashuka. Anakuja mtu wa pikipiki amebeba mama anayetoka sokoni, au matatu iliyojaa abiria. Jiwe halina taa. Mwenye kuliweka ameshafika Archer's Post, hajui lolote.

Kabari ya mbao inatibu ugonjwa huu kwa kitu kidogo mno, nacho ni kamba. Toboa tundu kwenye kila kabari, uzifunge mbili kwa kamba moja, na ncha ya kamba uifunge kwenye trela au lori lenyewe. Jiwe la barabarani halina mwenyewe, kwa hivyo hakuna anayelikumbuka. Kabari uliyoitengeneza kwa mikono yako ina mwenyewe, imepakwa rangi, imefungwa kamba. Hata ukiisahau, itaburutwa nyuma yako ikipiga kelele mpaka usimame. Trekta litokalo shambani likiwa na kabari zake halina haja ya kuokota jiwe.

Utaratibu wa kazi

Vifaa vizuri bila utaratibu ni bure. Fuata mpangilio huu, wala usiruke hatua:

1. Pima mwinamo kabla ya kufungua trela kutoka kwa gari.
2. Weka ngazi mbele ya gurudumu la upande wa chini, kisha gari livute trela polepole mpaka gurudumu likae kwenye kidato kinachofaa. Mtu mmoja tu amwelekeze dereva, naye asimame pembeni, anapoonekana. Wakielekeza wawili, mmoja atasema "njoo" na mwingine "simama."
3. Weka kabari kwenye magurudumu yote mawili, uzibane.
4. Sasa ndipo ufungue trela. Usifungue kabla ya kabari, hata kama dereva ana haraka. Haraka haraka haina baraka.
5. Sawazisha mbele na nyuma kwa jeki iliyo kwenye mkono wa trela. Chini ya jeki weka kipande cha ubao ili isizame.
6. Miguu ya pembeni, kama ipo, iteremshwe mwisho. Kazi yake ni kuzuia mtikisiko tu. Usiitumie kuinua trela.

Wakati wa kuondoka, rudi kinyumenyume: funga trela kwenye gari kwanza, kabari zitoke mwisho. Na wakati wote huo asiwepo mtu nyuma ya trela upande wa mteremko, hasa watoto wadogo, ambao hupenda sana kusukuma vitu vyenye magurudumu. Usiingie kamwe chini ya trela lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Lugha nayo

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, haifai nifunge bila kutaja maneno. Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi. Si kweli. Kabari tumeiona. Pimamaji tumeiona. Timazi ni uzi wenye kitu kizito kinachoning'inia, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Watu wa pwani nao wana neno zuri sana, gadi, wingi wake magadi: ni miti inayoegemezwa ubavuni mwa jahazi au mashua maji yanapokupwa, ili chombo kisilale upande kwa sababu ya mkuku wake. Hebu fikiria! Yule baharia wa Lamu anayesimamisha chombo chake kwa magadi na yule dereva wa trekta wa Timau anayetafuta kabari wana shida moja, na lugha moja inawatosha wote wawili. Tofauti ni kwamba mmoja anaogopa kupwa kwa maji, na mwingine anaogopa mlima.

Basi, wenzangu, nyumbani kwenu kama kuna trela, mkokoteni au tangi la maji lenye magurudumu, chukueni msumeno likizo hii. Mabaki ya mbao ya futi moja na kipande cha tairi vinatosha kabari mbili. Na kwa mwalimu wa Fizikia, tunaomba siku ya somo la msuguano tutoke nje ya darasa na kabari mbili, moja yenye mpira na moja isiyokuwa nao, tuone ni ipi itakayoteleza kwanza kwenye nyasi za asubuhi. Na yeyote atakayeliona jiwe barabarani akielekea nyumbani, atazame kwanza kama kuna gari, kisha alisukumie kando. Anayekuja nyuma huenda akawa ndugu yake.